Gereji ya Tata

Ukitaka kujua namna ya kuipoza gereji, njoo Buhembe uniulize mimi, Evodia binti Kahangwa. Usiwaulize mafundi, watakuzungusha. Mimi nilijifunza kwa hasira, na hadi leo sijasahau hata kitu kimoja.

Nyumba yangu imejengwa kwenye mteremko, na kufika sebuleni ni ngazi tupu. Baba yangu, ambaye wote tunamwita Tata, alipougua moyo na miguu ikamvimba, nilimtoa kwake Muleba nikamleta mjini awe karibu na hospitali. Ngazi hakuziweza. Mahali pekee palipokuwa sawa na barabara ni gereji. Basi nikatoa gari, nikapiga deki, nikaweka kitanda na pazia, nikajiona nimemaliza.

Kumbe nimemweka mzee wa watu ndani ya tanuri. Juu mabati matupu, mlango wa chuma, ukuta unaopigwa na jua la jioni, na dirisha hakuna. Kiangazi kilikuwa kimeshika. Ikifika saa nane mchana Tata analowa jasho mpaka shuka ni la kukamua.

"Evodia," aliniambia, "hapa pana joto. Nyumbani hapana joto."

"Nyumbani hapana daktari, Tata."

"Kweli," akasema, akageukia ukutani.

Kesho yake akasema tena, na keshokutwa vilevile. Hakupaza sauti, Tata si mtu wa kupaza sauti. Alisimulia tu habari za mushonge aliozaliwa ndani yake, ile nyumba yetu ya zamani ya nyasi kutoka juu mpaka chini, jinsi ulivyokuwa unaingia jua likiwaka na bado unatamani blanketi. Mimi nikasikia lawama. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba moyo ule ukienda mbali na hospitali hautadumu. Nami nilitaka baba yangu aishi, basi. Nikasema kama joto ndilo linalomfukuza kwangu, nitalifukuza lenyewe kwanza.

Nikampigia mdogo wangu Aristides, yuko Dar es Salaam. Akasema ninunue feni. Feni! Inazungusha joto lilelile, na umeme ukikatika je? Kisha akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: dada wewe ni jembe, dada bila wewe mzee angekuwa wapi. Nikamkatia simu.

Nikamwita fundi Mwijage. Tata tukampandisha sebuleni, amebebwa juu ya kiti, na ili kitanda chake kienee makochi yote yakatolewa nje, uani. Mwijage akatoboa ukuta wa upande wa ziwa, chini karibu na sakafu, akapanga tofali za matundu na wavu wa mbu, upepo wa ziwa uingilie hapo. Ukuta wa pili akautoboa juu kabisa, chini ya mabati, kwa sababu hewa ya moto hupanda na lazima ipate pa kutokea. Akawasha sigara kupima; moshi ukavutwa taratibu mpaka juu ukatoka. Halafu tukafunga dari ya mikeka ya mafunjo, na juu ya mikeka tukalaza viroba vilivyoshindiliwa nyasi kavu. Kati ya viroba na bati tukaacha nafasi hewa ipite. Nilisimamia kila msumari. Bati kwa nje likapakwa rangi nyeupe.

Tata mwenyewe aliomba kitu kimoja tu: nyasi mbichi za kutandaza sakafuni, kama anavyotandaza nyumbani. Nikaagiza pikapu nzima kutoka rweya ya Muleba, kule uwandani kwenye nyasi laini.

Siku ya kumalizia nilibandika sufuria kubwa la ndizi uani kwa ajili ya mafundi. Mwijage na wenzake wanne wakamteremsha Tata, safari hii amelazwa kwenye godoro kwa sababu alikuwa amechoka. Jua lilikuwa linampiga usoni, nikamfunika shuka jeupe mpaka kichwani. Wakamwingiza gerejini, wakamlaza. Saa nane ikafika. Tata akalala usingizi, mkavu, anapumua vizuri. Nilikaa kwenye nyasi karibu naye nikalia kwa furaha, wala sioni aibu kusema.

Mara nikasikia kilio getini.

Alikuwa Ma Benigna, jirani yangu wa chini, kanga kiunoni, mikono kichwani. Nyuma yake akina mama wa jumuiya, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na mzigo wa kuni. Sasa hebu fikiria walichokiona wao. Makochi nje. Pikapu ya nyasi imeshushwa, kama zile za kukalia waombolezaji. Sufuria kubwa motoni uani. Wanaume wanambeba mtu aliyefunikwa mpaka kichwani. Kwetu hapa nani angesubiri kuambiwa?

Nikatoka nimefura. "Mnamlilia nani? Mzee ni mzima!"

Ma Benigna akanikumbatia. "Pole, mwanangu. Uchungu unasemesha mengi."

"Sina uchungu! Niachie!"

"Waache waingie," ikasema sauti ya Tata kutoka ndani.

Yule mwenye kuni akaziangusha. Waliingia mmoja mmoja, wakaketi kwenye nyasi wameinamisha vichwa kwa aibu. Tata akawasalimia wote, akamuuliza Ma Benigna alikuwa amekuja kusema nini.

"Nisamehe, waitu, mzee wangu," akasema. "Nilikuja kusema kwamba tangu mume wangu afariki hakuna aliyekuwa ananiuliza nimeamkaje. Wewe uliniuliza kila asubuhi nikipita hapo barabarani, mlango ukiwa wazi, na huku unaumwa."

"Asante," Tata akasema. "Wengi hawapati kusikia." Kisha akacheka kidogo. "Na mlikuwa mnakwenda kunizika wapi?"

"Kwako Muleba, kwenye kibanja chako, penye migomba yako. Wapi tena?"

Tata akanitazama mimi.

Walikula zile ndizi wakaondoka. Nikabaki naye.

"Pana ubaridi mzuri humu," akasema.

"Basi utakaa."

"Mwana wange, joto nililitaja kwa sababu sikuwa na neno jingine. Baba anamwambiaje binti yake, nirudishe nyumbani nikafe? Nilidhani nikisema joto utaelewa."

Nilipandwa na hasira, Mungu ananiona. "Nimetoboa ukuta, Tata! Nimebomoa nyumba yangu!"

"Nilisikia kila nyundo. Nilishindwa kukuzuia, ulikuwa unapiga kwa upendo." Akanishika mkono, wake ulikuwa wa baridi kwa mara ya kwanza tangu aje. "Hapa wamekwisha kunililia, tena wamenililia vizuri. Nipeleke nikiwa nimekaa kwenye kiti, naona njia. Nisiende nimelazwa."

Nilitoka nikakaa kwenye kochi pale uani. Nilijua nikimpeleka nitampoteza, na nikimzuia nitambakiza akiwa ameugeukia ukuta. Nililia. Asubuhi nikawasha gari.

Alikaa kiti cha mbele. Alitaja kila kilima mpaka Muleba, na mimi niliendesha polepole, kwa makusudi. Nilimweka barazani kwake, akiangalia migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Hakuumaliza msimu ule wa kiangazi. Nilikuwepo, nimemshika mkono uleule. Tulimzika kibanjani, karibu na mama. Watu wa Buhembe walikuja wote. Ma Benigna hakutoa sauti. Alisema yeye alikwisha kumwambia mwenyewe.

Gereji ina ubaridi mpaka leo. Saa nane mchana, watu wakihangaika na jua, mimi hufungua ule mlango nikaingia, nikakaa kitandani kwake. Upepo wa ziwa unaingilia chini, unatokea juu, kama tulivyopanga. Nyasi zimekauka na sijazitoa. Gari linashinda nje juani, rangi imeanza kubabuka.

Aristides kila akipiga simu ananiuliza kwa nini silirudishi gari ndani. Namwambia humo ndani kuna joto.