Kibodi ya Vinubhai

Lugano alikuwa amechoka hata kabla hajafungua begi. Alitoka Uyole, Mbeya, alfajiri, basi likakwama Igawa saa nzima nyuma ya malori, na sasa, saa nane mchana mjini Iringa, anatazama kompyuta iliyogoma kupokea hata herufi moja. Yeye ndiye aliyeiwekea mfumo wa Linux miaka sita iliyopita, akajitapa kwamba haitasumbua. Kujitapa huko ndiko kulikomleta leo.

Mwenye kompyuta, mzee Vinubhai wa duka la vitambaa, alifariki miezi miwili iliyopita. Humo ndani aliacha sauti yake, amejirekodi akisimulia maisha yake kwa ajili ya wajukuu. Mjane wake, Vasanti, hajasikia hata neno moja. Mzee alizifunga rekodi zote kwa neno la siri. Mama analo kwenye karatasi, ila kibodi haimruhusu kuliandika.

"Mimi ndiye nimeiua, fundi," alisema Vasanti, amesimama mlangoni. "Kila sikukuu ya Diwali tunabariki vitu vya kazi. Juzi nikaipaka kumkum, ule unga wetu mwekundu wa ibada. Labda niliumwaga mwingi. Kuiwasha, imekufa."

Lugano akang'oa vitufe kimoja kimoja, akavisafisha kwa spiriti. Wapi. Akachomeka kibodi nyingine, mpya kabisa. Wapi. Akaizima mashine na kuiwasha tena. Kwenye orodha inayotokea mwanzo wa kuwaka, vitufe vya mishale vilitii vizuri, lakini alipofika pa kuandika neno la siri, kimya. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye kibodi, ulikuwa ndani ya mfumo. Dawa aliyoijua ilikuwa moja, kufuta kila kitu na kuanza upya. Basi la kurudi Mbeya linaondoka saa kumi, mgongo unamuuma, na hana nguvu za kumtazama mama huyu machoni amwambie rekodi zitapotea.

Akaegemea meza, kidole amekisahau juu ya kitufe. Nukta moja, ile inayoficha herufi ya siri, ikatokea kwenye kioo.

Usingizi ukamtoka. Akagonga haraka, hakuna kitu. Akabonyeza akatulia kidogo, nukta ya pili ikaja.

"Mama, mzee mikono ilikuwa inamtetemeka?"

"Tangu masika. Hata kikombe nilimshikia."

"Basi ni yeye. Kuna mpangilio wa watu wa hivyo. Kidole kikigusa kwa bahati mbaya, mashine inapuuza, inangoja mpaka ubonyeze utulie. Aliuwasha mwenyewe."

"Si kumkum?"

"Si kumkum, mama."

Vasanti akaketi, akalia bila kujificha. Lugano akashika mausi ili auzime mpangilio ule, aondoke zake.

"Uache," alisema mama. "Nitabonyeza kama yeye."

Akaweka karatasi mbele yake, akaanza, herufi baada ya herufi, kila moja akiingoja. Saa kumi ikapita, basi likaondoka bila Lugano. Neno lilipokubaliwa, akamfungulia rekodi ya kwanza. Mtu akakohoa ndani ya spika, akaanza kuzungumza Kigujarati, polepole, na Vasanti akamjibu.