Nondo Nyuma ya Mlango

Kila upepo mkavu ulipoanza kuvuma, mama mkwe alivua kandambili, akaketi kwenye kigoda uani, akakanyaga udongo uliomwagiwa maji na kushika ncha ya waya kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uliendelea kuambua maharage.

Waya ulishuka kutoka kwenye antena ambayo mwanawe, fundi saa, aliitengeneza mwenyewe ili azungumze kwa redio na watu wa mbali. Upepo na vumbi vikiusugua waya mrefu, umeme tuli hujikusanya, na ukijikusanya lazima uelekezwe ardhini. Kazi hiyo ni ya nondo ya shaba iliyochimbiwa, ambayo mafundi huiita ethi. Nondo fundi alikuwa nayo. Ilisimama nyuma ya mlango wa bafu mwaka wa tatu sasa, ikisubiri Jumamosi, na watu waliitundikia taulo.

Kwa hiyo umeme ulipitia kwa mama mkwe. Nywele zake zilisimama kama brashi, na balbu aliyoibana kwapani iliwaka vizuri. Jioni mkwewe, mke wa fundi, ambaye ni mwalimu, alisahihishia madaftari hapo.

Kisha mdogo wake mama mkwe akavunjika mguu. Mama mkwe alitaka kwenda kumuuguza wiki mbili, akamwambia mwanawe mapema. Mwanawe akasema atachimba Jumamosi. Jumamosi ya kwanza hakuwa na sururu. Ya pili alikuwa na sururu na mafua. Ya tatu alipata mtu hewani kutoka kisiwa cha mbali sana, na mtu kama huyo hakatwi maneno. Ya nne mama mkwe alifunga begi, akapanda basi.

Fundi akaitazama miguu ya mkewe.

"Usiniangalie hivyo," mke alisema. "Mimi niliolewa, sikuchimbiwa."

Siku ya pili vijiko vilitoka kabatini, vikaganda dirishani. Siku ya nne meza ilipanda shubiri moja, wakala wamesimama. Siku ya sita nyumba yenyewe iliacha msingi taratibu, ikatulia hewani usawa wa paja. Bomba la maji lilinyooka lakini halikukatika. Jirani alileta ngazi, akauliza kama nyumba itakaa hapo muda mrefu, maana kivuli chake kilikuwa kinafika kwenye nyanya zake. Fundi aliwaarifu wenzake redioni kwamba leo anawapata safi kuliko siku zote.

Siku nzima ardhi chini ya nyumba ilikuwa wazi, laini, haina hata jiwe. Kuku wa jirani waliichimba vizuri.

Mke alipiga simu. Kesho yake mama mkwe akashuka kwenye basi na begi lake.

"Mdogo wangu hata plasta hajatolewa," alisema, akavua viatu, akaushika waya. Nyumba ikashuka, upande wa jikoni kwanza. Vijiko vikaanguka. Ndani, fundi alisikika akimwambia mtu wa kisiwani kwamba ethi yake imerudi na inafanya kazi barabara.

Alipotoka, mama yake alimuuliza, "Shimo je?"

"Jumamosi, Mama."

Mama mkwe akaingia bafuni kuoga vumbi la safari. Alijifuta, akalikung'uta taulo, akalitundika kwenye nondo.