Kiti cha Mbele

Jumapili moja ya mwaka 1974, kabla umande haujakauka kwenye majani ya chai, Drusilla alikuwa jikoni kwake Keumbu akifunga ndizi za kuchemsha kwa jani la mgomba. Kuku alikuwa tayari, na chai imo chupani. Kila alipochungulia dirishani alimwona mumewe, Nehemiah, akipangusa gari lao la Pijo upande uleule aliokwisha kuupangusa.

Walikuwa wakienda Mara kuona wanyama na kurudi jioni. Nehemiah alimwahidi safari hiyo siku alipomposa, enzi hizo akiwa mwalimu mwenye baiskeli tu, na sasa alikuwa mkaguzi wa shule na mzee wa kanisa. Gari lilinunuliwa kwa mshahara wake na kwa chai ya Drusilla, lakini mchuma chai hakuwa amepelekwa nalo mbali kuliko soko la Daraja Mbili. Drusilla hakudai makubwa. Alitaka kuwaona ndovu akiwa ameketi kando ya mume wake.

Wiki nzima walikuwa wamevutana juu ya mwelekezi. Orpah, jirani yake na mwenzake wa kwaya, alikuwa amekwenda na Angwenyi, mwanamume wa Kebirigo anayewaongoza wageni mbugani, akawaona ndovu kabla ya saa sita. Wengine waliojiendesha wenyewe walirudi wameona vumbi na ndege mmoja. Nehemiah alishikilia kwamba mwanamume mwenye gari lake haonyeshwi njia kama kipofu. Angeendesha mwenyewe, na wangeingilia lango la mbali, lisilo na waelekezi wa kuwasumbua. Drusilla alijiuliza mumewe aliyajulia wapi malango ya mbuga ambayo hajawahi kufika, kisha akaliacha, maana mkaguzi hujua mengi.

Siku yenyewe hawakuibishania. Jumamosi ni Sabato, siku nyingine Nehemiah alikuwa kazini, basi ikabaki Jumapili. Hapo ndipo alipokosea, mtu msomi kama yule. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiondoka nyumbani kila Jumapili, ati awahi shule za mbali Jumatatu asubuhi.

Magari ya wakati ule yalijifunza njia kama ng'ombe wanavyoijua njia ya mtoni. Mengine yalihitaji mwaka, mengine safari moja. Lori la Bipin, mwenye duka la jumla mjini Kisii, lilikwenda Kisumu kuchukua sukari huku dereva amelala fofofo, na Bipin alilalamika tu kwamba dereva anakoroma mbele ya wateja. Ndiyo maana watu wenye akili hawakuazimana magari. Gari lilikurudia na tabia za nyumba nyingine.

Walipopita Ogembo, Drusilla aliona kwamba usukani unatangulia na mikono ya Nehemiah inaufuata. Nehemiah alikanyaga breki, gari likampuuza. Jasho lilimtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Baada ya soko la Nyangusu gari liliacha barabara, likashika kijia chembamba, likasimama mbele ya nyumba yenye mabati mapya, ya aina ile ambayo Drusilla aliambiwa imekwisha madukani. Likapiga honi mara mbili.

Mwanamke mwenye kitambaa cha samawati kichwani alitoka na kikapu mkononi, amejipamba kwa safari.

"Baba Bosibori, leo umewahi," alisema, akafungua mlango wa mbele. Akamkuta Drusilla kitini.

Walisalimiana. "Bwakire buya," mwanamke alisema, na Drusilla akaitikia, kwa kuwa salamu haikatai mtu. Mwanamke akasema anaitwa Persis. Barazani, bibi mmoja alikuwa amempakata mtoto wa kike mwenye masikio ya Nehemiah.

Bosibori lilikuwa jina la marehemu mama yake Nehemiah. Drusilla aliliomba alipojifungua binti yake wa mwisho, akajibiwa kwamba wazee wa ukoo hawajaliachilia. Kumbe walikwisha kuliachilia. Jina la marehemu haliendi nyumba yoyote bila wazee kuketi, na wazee hawaketi bila kula. Wale wale waliokula ugali wa wimbi kwa Drusilla kila Desemba na kumbariki walikuwa wameketi chini ya mabati haya wakatafuna kuku. Gari liliposimama alikuwa amesalitiwa na mtu mmoja. Jina lilipotajwa, akawa amesalitiwa na ukoo mzima, na hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

"Mama Marion, nilikuwa nitakueleza," Nehemiah alimwambia mkewe.

"Lini?"

Nehemiah alitia gia ya nyuma ili warudi Keumbu. Injini ilinguruma vizuri, magurudumu hayakusogea. Akajaribu gia nyingine zote. Persis, ambaye hakuwa mtu mbaya na alilijua gari lile vyema, alimweleza mwenzake kwa upole.

"Haliondoki hapa mpaka nikae mbele. Ndivyo lilivyozoea."

Drusilla aliwaza kurudi kwa miguu. Kisha aliwaza ndovu. Ahadi ilikuwa yake, na hakuona kwa nini aiache hapo kijiani ili wengine waende nayo. Aliteremka na ndizi zake, akaketi nyuma. Persis alipofunga mlango wa mbele, gari liliondoka papo hapo, likaipita Kilgoris, likawafikisha kwenye lango la karibu, si lile la mbali.

Angwenyi alikuwa pale. Alimkaribisha Mwalimu tena, akamuuliza Mama Bosibori habari za mtoto, akafungua mlango wa nyuma aingie mahali anapoketi siku zote. Akamwona Drusilla.

"Kumbe leo mmekuja na mgeni," alisema.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Drusilla alikuwa ameshika jembe la Nehemiah miaka kumi na sita. Alijisogeza, Angwenyi akaketi, na hivyo akampata yule mwelekezi aliyemtaka.

Ndovu walikuwepo, wengi, na ndama wao katikati. Gari lilizima injini lenyewe na kuteremsha kioo cha Persis kama lilivyozoea. Cha nyuma hakikuteremka. Persis aliinamisha kichwa ili asimzibie mwenzake, na kando ya kitambaa cha samawati Drusilla akaona sikio moja na nusu ya mgongo. Alilia. Angwenyi alimwambia asione haya, wengi hulia mara ya kwanza. Baadaye walikula ndizi zake, wote wakazisifu.

Sabato iliyofuata Nehemiah alisimama mbele ya kanisa akasoma matangazo. Wazee wa ukoo walikuwa kwenye benchi lao na vitabu vya nyimbo mkononi. Orpah alimnong'oneza Drusilla akimuuliza kama hatimaye walichukua mwelekezi, naye akasema walimpata.

Kesho yake asubuhi, kabla Nehemiah hajamaliza kunywa chai, gari lilijiwasha. Lilijongea hadi mlango wa jiko, likapiga honi mara mbili, likafungua mlango wa nyuma. Drusilla alitoka akifuta mikono, akaufunga. Akazunguka kujaribu ule wa mbele. Kiti kilikuwa kitupu, na kingebaki kitupu hadi Nyangusu, lakini mlango haukufunguka.

Nehemiah alitoka amevaa koti la kanisani. Alisema kuna shule za kuwahi Jumatatu. Drusilla alijitwika kikapu cha chai akaingia shambani, na gari lilipoteremka kuelekea barabarani, mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka tena, ukimngoja.