Dakika Kumi za Szu-yu

Mimi ndiye nesi wa shule, na ni mimi niliyemwambia mtoto wa kaka yangu afute ukweli. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia mapema.

Szu-yu alikuwa na miaka tisa, akikaa kwangu hapa wilayani Yunlin. Daktari Fang wa chuo kikuu alikuja kuchunguza kwa nini watoto wetu karibu wote wanavaa miwani. "Kwanza tujue wanaishi vipi," alisema, "halafu msaada tuupeleke panapouma zaidi." Akagawa madaftari. Kwa wiki mbili kila mtoto aandike amekaa nje dakika ngapi, na ameinamia vitabu saa ngapi.

Niliyapitia kabla ya kuyapeleka, kama tunavyopitia kila kitu kitakachoonwa na wageni. Szu-yu alikuwa ameandika: "Nje: dakika kumi, kutoka darasani hadi gari la tuisheni."

"We mtoto, hii nini?"

"Si ndivyo ilivyo, shangazi?"

"Unataka watu wa chuo waseme tunawafungia kama kuku wa mayai? Andika vizuri. Dakika mia."

"Na wenzangu?"

"Na wenzako pia."

Alifuta mpaka karatasi ikalainika.

Barua ikaja: shule yetu inapongezwa. Msaada wenyewe, masomo ya nje kwa saa mbili kila siku ili mwanga wa jua ulinde macho, ukapelekwa shule ya ng'ambo ya mfereji, iliyoonekana kuwa na shida kuliko sisi. Cheti nilikitundika mwenyewe, nikasogea nyuma kuona kama kimenyooka.

Miaka miwili tukawatazama wale watoto kupitia dirisha, wakijifunza hesabu huku wakipanda viazi vitamu.

"Bahati yao," akasema Szu-yu.

"Wao ndio wanafundishwa. Sisi tumeshafaulu," nikamjibu, kwa mdomo wangu huu. Miwani yake ilizidi unene kila muhula. Nikailaumu simu.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, akinywa uji, akaniambia: "Shangazi, upande huu kuna pazia." Hospitali walisema jicho limerefuka kupita kiasi, utando wa nyuma umechanika. Walimpasua mara mbili. Jicho la kulia halikuona tena. Daktari wa macho alisema huenda lingeharibika hata hivyo, lakini maneno hayo hayajanipa usingizi.

Daktari Fang akarudi na matokeo. Ng'ambo, watoto walioanza kuhitaji miwani wamepungua kwa nusu, na sasa shule zote zitasomea nje.

"Ila ninyi mmenishinda," akasema. "Mnacheza nje kuliko wote, na macho yenu ni mabaya kuliko ya wote. Mwaka mzima natafuta sababu."

"Sababu ni mimi," nikasema, nikamweleza yote.

Nilitamani anigombeze. Aliyafunga madaftari, akasema tu, "Mngekuwa wa kwanza kusaidiwa." Mficha uchi hazai, tangu utotoni naisema methali hiyo, nikiwasemea wengine.

Jumatatu masomo ya nje yakaanza kwetu, na madaftari mapya yakagawiwa. Szu-yu akaja chumbani kwangu na lake, kichwa amekigeuza ili jicho la kushoto linione, penseli mkononi.

"Shangazi," akauliza, bila kinyongo chochote, "safari hii niandike kweli, au niandike vizuri?"