Lifti ya Profesa Quill Haikumwacha Toby

Katika mji mzima wa Bolton, Uingereza, hakukuwa na mtoto aliyeijua *Lifti ya Profesa Quill* kama Clifford Entwistle, na ukibisha ungemuuliza mwenyewe. Tangu igizo hilo lianze kuonyeshwa kwenye televisheni, kila Jumamosi jioni, halikuwahi kumpita hata mara moja. Surua haikumzuia. Harusi ya shangazi yake haikumzuia. Alichomoka kabla keki haijakatwa. "Mimi sikosi," alikuwa akitamba uwanjani shuleni, kidole gumba kifuani. "Hata nikifa, mnizike Jumapili."

Igizo lenyewe lilikuwa la profesa mzee, Bi Harriet na kijana Toby, waliosafiri ndani ya lifti ya duka lililoungua wakati wa vita. Ukibonyeza juu, kesho. Ukibonyeza chini, jana. Madude ya kutisha yalitengenezwa kwa mabomba ya mashine za kufagilia zulia. Kila mtu aliyaona mabomba hayo, na kila mtu alipandisha miguu kwenye kochi vilevile.

Ila Clifford hakuwa akiangalia kwa ajili yake peke yake. Mdogo wake Neville, mwenye miaka minane, alikuwa amelazwa tangu Oktoba. Homa ilianzia kwenye viungo, ikashuka hadi moyoni, na ilipofika huko ikakataa kuondoka. Hospitali haikuruhusu watoto kuingia kutazama wagonjwa. Kwa hiyo kila Jumapili mama na baba walipanda ngazi na zabibu zao, na Clifford akabaki uani, kando ya lundo la makaa, akiwa na skafu hadi puani. Sista Ogden, muuguzi wa wodi, mwanamke mwenye kifua cha kabati na roho ya siagi, alikuwa akimfungulia dirisha la ghorofa ya kwanza. Hapo ndipo Clifford alipokuwa akipaza sauti na kusimulia kipindi chote, na madude akiyaigiza mwenyewe.

"Likapiga magoti, likamwambia profesa..."

"Mwongo we!" Neville alidakia kutoka juu, uso wake mdogo kama kisahani. "Madude hayana magoti!"

"Nani kaliona, mimi au wewe?"

"Wewe."

"Basi funga bakuli."

Watoto wengine wa wodini walijazana dirishani kucheka. Mmoja wao, msichana wa mguu wa chuma, hakukosekana kamwe.

Februari ilipofika, igizo likawa limebakiza kipindi kimoja tu. Toby alikuwa amenasa katika mji wa kesho ulioishiwa na watu. Jumapili hiyo Neville hakusimama dirishani. Sista Ogden alimpakata.

"Cliff," aliita, na ilibidi Clifford asogee ukutani kabisa amsikie. "Toby akifika nyumbani, na mimi nafika. Nimeshaapa."

"Utafika tu, mpumbavu we. Nani atanifulia soksi?"

Jumamosi ya mwisho baba alikuwa klabu na mama zamu ya jioni kiwandani. Televisheni yao ilikuwa ya kukodi, yenye kisanduku ubavuni ambacho usipokilisha shilingi kinazima kila kitu. Mama alikuwa ameacha shilingi juu ya meko. Lakini Clifford alikuwa ameila saa nyingi, ikiwa viazi vya kukaanga, na chumvi, na siki juu.

Toby alikuwa anakimbia kwenye korido. Bi Harriet alikuwa ameshikilia mlango wa lifti, mkono wake umenyooshwa. Kisanduku kikalia *tik*. Toby akapungua, akawa nukta nyeupe katikati ya kioo, kisha nukta nayo ikaondoka zake.

Clifford alikipiga kisanduku ngumi. Alikibembeleza. Alipekua makoti yote na kuambulia kifungo. Akakaa chini kwenye giza mpaka mama alipoingia na kumuuliza kama anaumwa.

Jumapili alisimama kwenye makaa yake.

"Haya," Neville akasema. Alikuwa amefungwa blanketi hadi kidevuni. "Kaingia?"

"Kaingia!" Clifford akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka. "Tena wa kwanza! Profesa kabonyeza chini, wakashuka, wakashuka, mlango kufunguka, mama yake Toby huyo, kavaa aproni, anamwambia viatu hivyo usiniletee kwenye zulia!"

Juu dirishani watoto walitazamana. Hata msichana wa mguu wa chuma hakucheka. Neville aliegemea kizingiti cha dirisha.

"Na chai je?" akauliza. "Alimwekea chai?"

"Chai, na pai ya nyama, na akaruhusiwa kulala na mbwa."

"Safi," Neville akasema, na Sista Ogden akafunga dirisha.

Jumatatu shuleni ndipo Clifford alipoambiwa na wenzake kwamba mlango wa lifti ile uliweza kufungwa kwa nje tu, na kwamba Toby ndiye aliyeufunga, akabaki kule peke yake ili wenzake wafike nyumbani. Walikuwa bado wanalia, majitu mazima ya miaka kumi na miwili. Clifford naye alijitia kulia, huku moyoni akiomba mtu yeyote asifike kwenye wodi ile na habari hizo.

Alhamisi Neville akafa.

Walimzika wiki iliyofuata. Baada ya kanisa watu walirudi nyumbani kunywa chai na kula mkate wa nyama ya nguruwe, na Sista Ogden alikuja na yule msichana wa mguu wa chuma, aliyeitwa Beryl. Shangazi Edna alikuwa analia kwamba mtoto kaondoka bila hata raha moja.

"Aliipata, shangazi," Clifford akasema. "Nilimsimulia yote, neno kwa neno. Kaondoka anajua Toby kafika kwao."

"Hukuiona ya mwisho," Beryl akasema, mdomo umejaa mkate.

Shangazi Edna akashusha leso yake.

"Niliiona."

"Hukuiona. Sisi tuliiona. Tangu Krismasi walikuwa wanatuletea televisheni ya wodi ya wakubwa kila Jumamosi, wanaisukuma kwa magurudumu. Tumeziona zote." Alimeza. "Neville alisema atakayefungua mdomo kwako atamtemea uji. Alisema ukisimulia wewe ndiyo madude yana magoti."

Mama aliweka kikombe chini. Clifford alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Kwa hiyo Jumamosi..."

"Jumamosi alilia mpaka Sista akamwita daktari," Beryl akasema. "Jumapili akaomba abebwe dirishani, akusikie wewe."