Pete ya Kijani Mguuni

Kila mfugaji wa Likombe aliijua kanuni ya kikundi: kuku aliyenyweshwa dawa ya dukani havishwi pete ya kijani, na anayemsingizia mwenzake hubeba adhabu ambayo mwenzake angeibeba. Pete hiyo ya plastiki, ivaliwayo mguuni, ndiyo iliyomthibitishia mnunuzi kwamba kuku ni wa kilimo hai. Majirani walikaguana wenyewe kwa zamu, na mkaguzi alipaswa kuchovya kidole katika maji ya kuku na kuyaonja, kwa kuwa dawa ya dukani hutiwa sukari, nao ulimi huitambua.

Jumamosi ile zamu ilimwangukia Mwaisha, amkague Telma.

Hapakuwa na mtu ambaye Mwaisha alitamani zaidi kumkuta na kosa. Telma alipohamia kutoka Kitaya, kando ya Ruvuma, akiwa na matetea wachache ndani ya tenga, Mwaisha ndiye aliyemfundisha kuwalisha vifaranga mchwa, na ndiye aliyemdhamini kikundini. Sasa mpishi wa hoteli ya Mikindani aliupita ua wa Mwaisha kama mtu anayepita gofu, akaingia kwa Telma. Rehana, mdogo wake Mwaisha wa tumbo moja, aliagiza kuku wa harusi huko huko. Na jogoo wa Mwaisha mwenyewe aliruka ua kila asubuhi kuwafuata matetea wa Telma, akarudi jioni ameshiba. Hilo la jogoo ndilo lililomuuma kuliko yote, ingawa asingethubutu kulitamka.

"Karibu, da Mwaisha," Telma alimpokea. "Leo umekuja kama serikali."

"Serikali hainywi chai ya watu."

"Basi utainywa ukimaliza userikali."

Banda lilikuwa safi, na usafi ule ulimchukiza. Alipekua viota, akachambua pumba, akainusa sakafu. Ndipo alipoyaona maji ya njano ndani ya sufuria kuukuu, na moyo ukamruka kwa furaha isiyo njema. Akachovya kidole, akaonja. Uchungu wa shubiri ulimshika ulimi hadi kooni; akatema.

Telma alicheka, akamkatia kipande cha papai. "Kifaranga mmoja alikuwa anazubaa. Nimewatilia shubiri, kama ulivyonifundisha."

Mwaisha alilila lile papai.

Alasiri kikundi kilikutana barazani kwa Mzee Idrisa, mwenyekiti. Mwaisha alisimama, akasema amekuta maji ya njano, nayo ni dawa ya dukani.

"Uliyaonja?" Mzee Idrisa aliuliza.

"Nilionja."

"Yakoje?"

Akilini alimwona mpishi wa hoteli akigeuza njia na kubisha hodi mlangoni pake. Alimwona Rehana akirudi kuomba radhi.

"Matamu," akasema.

Telma alimtazama kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua akafunguliwa na mgeni.

Mzee Idrisa alivaa kofia yake. "Twendeni."

Maji yalikuwa bado yamo sufuriani. Mzee aliyaonja, akafumba macho, akaisogeza sufuria kwa Jafari. Jafari, mwanakikundi auzaye kuku soko la Chikongola, aliyatema nje ya ua.

"Bi Mwaisha, kama huu kwako ndio utamu, chai yako mimi sinywi."

Watu walicheka hadi Mzee alipoinua mkono. "Onja tena, Bi Mwaisha, utuambie."

Alionja. Uso ulisema kabla ya mdomo.

"Machungu."

"Na asubuhi?"

"Yalikuwa machungu."

"Kwa nini, dada yangu?" Telma aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwaisha aliitazama mikono yake. "Wote wanakuja kwako. Hata jogoo wangu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Hukumu haikuhitaji mjadala, kwa kuwa kanuni ilikuwepo. Jioni ile ile, mbele ya wote, Mwaisha alizikata kwa mkasi wake pete za kuku wake wote, asiwavishe tena mpaka msimu mwingine wa ukaguzi. Telma alikuja bila kuitwa, akamshikia kuku mmoja mmoja miguu.

Siku ya soko Mwaisha aliteremsha tenga lake Chikongola, jirani na meza ya Jafari. Mama mmoja alimwinua tetea aliyenona, akampapasa kifua, akamtazama miguu.

"Huyu ni wa kilimo hai?"

Mwaisha alijua kila punje aliyoila tetea yule tangu alipoanguliwa. Alijua pia kwamba Jafari ameacha kunyonyoa na anasikiliza.

"Hapana," akajibu. "Ni kuku wa kawaida."

Akamfunga tetea miguu, akamkabidhi mama yule.