Bodi Lisilo na Mikono

Mwanga wa buluu wa kuchomelea chuma uliramba mbao za banda, ukachungulia kwenye nyufa, ukarudi ndani upesi kama mtu aliyefumaniwa. Velda alisimama dirishani na bakuli la unga wa mahindi, akijua fika kuwa mwanga ule hautazamwi kwa macho matupu. Akautazama. Mwenye shaka haogopi kuungua, anaogopa kufichwa.

Wiki ya tatu sasa. Wiki ya tatu mumewe Orrin anahangaika na pikapu kuukuu la marehemu babake, nusu rangi, nusu kutu. Bodi la nyuma la zamani kaling'oa, jipya la bapa analisuka chuma kwa chuma.

"La kubebea nyasi, mke wangu," alisema Orrin, akameza chai yake ya barafu upesi mno.

Nyasi! Haya. Nyasi.

Lakini huku Oklahoma ya magharibi, ambako ng'ombe ni wengi kuliko waumini, bodi la gari husomwa kama uso. Bodi la nyasi lina mikono miwili ya chuma, ya kukumbatia robota la duara na kulinyanyua. Hili halikuwa na mikono. Lilikuwa na kulabu za kuzungushia nyaya. Lilikuwa na vizimba viwili vya mitungi ya gesi. Na katikati, matundu manne ya boliti, saizi ileile ya miguu ya mashine ya kuchomelea.

Nyasi hazitumii gesi, Orrin. Nyasi hazitaki nyaya.

Gari la namna hiyo ni la wachomeleaji wa mabomba ya mafuta, wale wanaolifuata bomba jimbo hadi jimbo kama kunguru wanaofuata jembe. Velda anawajua. Babake mzazi aliondoka na gari kama hilo, yeye akiwa na miaka tisa. Aliandika barua, akaandika kadi, kisha akaandika kimya.

"Shoga," Fern, jirani yake, alimwambia kwenye simu, "mwanamume akianza kujenga kitu ambacho hakuombwa, nenda kahesabu soksi zake."

"Nimezihesabu."

"Ehe?"

"Zimetimia zote, pea kwa pea. Hilo ndilo linalonitisha. Orrin hajawahi kuwa na soksi zilizotimia."

Basi shaka ikahamia pale nyumbani bila mzigo, ikajivutia kiti, ikala maharage na mkate wa mahindi. Orrin akikohoa, anaficha. Orrin akinyamaza, anapanga. Orrin akimbusu shavuni, loo, anaaga! Na binti yao Shelby, miaka ishirini na miwili, akitoka kazini kwenye duka la malisho ni moja kwa moja bandani kwa baba. Velda akiona mikono ya shati lake ilivyotobolewa na cheche, humhurumia: maskini, anamsaidia babake kuondoka na wala hajui.

Nyasi hazitumii gesi. Nyasi hazitaki nyaya.

Jumamosi mchana, Orrin alipokwenda kuangalia ng'ombe, Velda aliingia bandani. Akainua mkono, akashika kulabu ya nyaya.

Akaishika bila kujinyoosha.

Akasogea. Kulabu ilikuwa sawa na bega lake. Akagusa kifuniko cha sanduku la zana, kilikuwa sawa na kiuno chake. Orrin ni mrefu kama nguzo ya simu, na mgongo wake haujapona tangu fahali amrushe. Mtu huyo ajijengee kulabu ya kumwinamisha mara mia kwa siku? Thubutu. Katika nyumba ile ya watu watatu, mabega ya kimo hiki ni ya wanawake wawili. Mmoja ni yeye, na yeye haendi popote.

"Mama."

Shelby alikuwa mlangoni, kinyago cha kuchomelea kwapani. Nyuma yake Orrin, karudi kutoka kwa ng'ombe, kofia mkononi.

"Lini?" aliuliza Velda.

"Keshokutwa," alijibu Shelby. "Kwenye bomba, Dakota Kaskazini."

"Na mimi ningeambiwa lini?"

"Baba alisema atakuambia."

"Mimi tena?" Orrin akaruka. "Si wewe ulisema utamwambia!"

"Watu wazima wawili," alisema Velda, "mnamwogopa mwanamke mwenye kimo cha mbuzi aliyesimama wima!"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Nitapiga simu kila Jumapili, mama."

"Babu yako naye aliahidi."

Velda akalizunguka gari polepole, akitafuta kosa, akiomba lipatikane kosa. Akalipata.

"Hiki kipandio nani kakipima?"

"Baba."

"Babako ana miguu ya korongo. Kishusheni inchi nne. Ukiteleza kwenye barafu ya huko, nani atakuokota?"

Shelby akamtazama mamake. Kisha akavaa kinyago haraka, maana huko ndani mtu hulia bila kuulizwa.

"Fumba macho, mama."

Velda akageuka, akafumba. Mwanga ukaja, uleule wa buluu, lakini ulipopenya kope zake ukageuka mwekundu, mwekundu wa damu yake mwenyewe, ukiwaka, ukitetemeka, ukiunga chuma kwa chuma.